Ligi ya pili inaishi kwa jirani

Swali la msomaji: "Kamwene mtaalamu. Niko Makambako. Miaka ile timu za Lipuli, Njombe Mji na Kurugenzi zikiwa Daraja la Kwanza, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, tulikuwa tunakodi Coaster Jumamosi asubuhi kwenda Iringa au Njombe, jioni tunarudi sauti zimekauka. Leo ligi hiyo inaitwa Championship na inaonyeshwa hadi kwenye televisheni, lakini uwanjani watu wa kuhesabu, na timu za huku kwetu zinapotea moja baada ya nyingine. Wengi wanasema ni Simba na Yanga wametumaliza. Hapa mjini wadau wanachangishana wanunue timu ya daraja la juu waihamishie kwetu. Je, nichange?"

Kamwene, ndugu yangu. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo linalogusa mfuko wako: usichange. Siwabezi hao wadau. Nawajua watu wa namna hiyo, wengi wao ndio wale wale waliokuwa wanajazia mafuta gari la washabiki kwa fedha zao. Ila wanataka kununua timu, na kilichopotea huku kwetu si timu.

Kwanza tuwatoe Simba na Yanga kizimbani. Ushabiki wa hizo mbili upo Nyanda za Juu Kusini tangu enzi za baba zetu, na haukuzuia jambo. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walichukua ubingwa wa Tanzania Bara wakitokea mji mdogo wa Rungwe, kilomita kama 70 tu kutoka Mbeya mjini. Majimaji ya Songea ilibeba Ligi ya Muungano 1985 na ikarudia 1986. Na kama unaona hayo ni ya kale mno, kumbuka Mbeya City: timu ya halmashauri ya jiji, imeundwa 2011, imepanda Ligi Kuu 2013, na katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, chini ya kocha Juma Mwambusi, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Simba alikuwa wa nne. Muulize mtu yeyote wa Mwanjelwa uwanja wa Sokoine ulikuwaje msimu ule. Waliokuwa wanaimba "koma kumwanya" pale jukwaani walikuwa Simba na Yanga wa damu. Mtu wa Mbeya alikuwa na timu mbili kama alivyo na majina mawili, la ubatizo na la nyumbani. Ukimwita kwa lolote anaitika.

Televisheni je? Hapo nakubali, ila kwa kiasi. Tukuyu Stars inatwaa ubingwa, Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni, vilianza 1994. Leo kwa fedha ya soda unakaa kwenye kibanda umiza unaangalia Arsenal, Simba na Real Madrid siku moja. Huo ni ushindani mkali. Lakini hebu niambie: kombe la diwani likifika fainali hapo Makambako, kata kwa kata, vibanda umiza vinakuwaje? Vinabaki na mwenye kibanda. Watu wanapanda juu ya kuta, juu ya malori, juu ya miti. Mtu anayeiacha Arsenal akaenda kusimama vumbini kuona kata mbili zinagombea mbuzi, huyo hajachoka na mpira wa nyumbani. Amechoka na mpira wa watu asiowajua.

Na hili ndilo jibu langu lote, mengine ni maelezo yake. Ligi Kuu inaweza kuishi kwa majina makubwa. Ligi ya pili haina majina. Inaishi kwa jirani. Inaishi kwa yule shemeji yako wa Mafinga ambaye mkifungwa Jumamosi, Jumatatu atakupigia simu asubuhi hujanawa uso. Ondoa shemeji huyo, unabaki na watu 22 wanakimbiza mpira.

Sasa tazama kilichotokea. Daraja la Kwanza ulilokuwa unalifuata lilichezwa kwa makundi matatu ya timu nane nane. Chukua Kundi B la msimu wa 2015/16: kulikuwa na Lipuli ya Iringa, Kurugenzi ya Mufindi, Njombe Mji, Kimondo ya Mbozi na JKT Mlale ya Songea. Timu tano kati ya nane ziko kusini kwako, kaskazini kwako na magharibi kwako, na wewe umekaa katikati kwenye njia panda ya Songea. Nyingine zilikuwa mbili za Morogoro na Ruvu Shooting ya Pwani, zote kwenye barabara kuu ile ile inayopita mlangoni kwako. Bila kujua, Makambako ilikuwa mji mkuu wa kundi lile. Ndiyo maana mliweza kukodi Coaster asubuhi mkarudi jioni.

Kisha makundi yakapunguzwa yakawa mawili, na kufikia msimu wa 2021/22 likabaki moja: Championship, timu 16, nchi nzima, nyumbani na ugenini. Piga hesabu, haihitaji mhasibu. Kundi la timu nane lilikuwa na mechi 14, saba za ugenini, na kati ya hizo saba, timu ya huku ilikuwa na nne za majirani. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, safari 15. Na safari hizo ni za kwenda Mara, Tanga, Arusha, Mwanza, Mtwara. Mbeya hadi Musoma kwa barabara ni zaidi ya kilomita elfu moja.

Niliwahi kuwa katibu wa timu moja ya daraja hilo, nisiitaje, viongozi wake wengine bado tunasalimiana. Tulikwenda Kanda ya Ziwa kwa Coaster ya kukodi, siku mbili barabarani. Mfadhili aliyeahidi mafuta ya kurudia alizima simu tulipofika Singida, yaani wakati wa kwenda, si wa kurudi. Wachezaji walilala wanne wanne kwenye gesti, wakala wali maharage kwa mama ntilie kwa mkopo wa maneno yangu matamu, wakaingia uwanjani miguu imevimba, wakafungwa. Hilo silalamiki, ndiyo mpira. Kilichoniuma ni wiki iliyofuata, tulipokuwa nyumbani tukiwapokea hao hao wa kule mbali. Nilisimama getini nikihesabu tiketi. Hakuna hata shabiki mmoja wa ugenini, na wa kwetu walikuja wachache, kwa sababu nani wa Iringa ana ugomvi na timu ya Mara? Ukishatoa gharama za uwanja, fungu la chama cha mkoa na malipo ya mechi, kilichobaki hakikutosha maji ya kunywa. Na uwanja wenyewe si wetu: Samora wa Iringa ni wa CCM, Sokoine ni wa CCM. Klabu za huku zinalipa kodi kwenye nyumba ambayo hazina hata msumari.

Usidhani ni sisi tu. Ujerumani walipoanzisha Bundesliga mwaka 1963, chini yake waliacha ligi tano za kanda, nazo zikakaa hadi 1974. Zilipofutwa hawakurukia ligi moja. Walifanya mbili, Kaskazini na Kusini, na mpaka 1981 ndipo daraja la pili likawa moja la taifa zima. Miaka 18, na hiyo ni nchi yenye treni na barabara za kasi, ambayo eneo lake halifiki nusu ya Tanzania. Uingereza nayo daraja lake la tatu liligawanywa Kaskazini na Kusini mpaka 1958. Hawa si watu wasiojua mpira. Walijua kwamba ligi ya chini inalipa nauli kabla ya kulipa mishahara.

Lakini mfano unaonifundisha zaidi unatoka Australia, na samahani, mpira wao si huu wetu. Ule ni wa yai, wanaushika mikono na kuupiga mateke. Kule kila jimbo lilikuwa na ligi yake kongwe. Ya Australia Kusini na ya Australia Magharibi zilikuwa zinajaza viwanja vyao bila kumwomba mtu. Kisha ligi ya jimbo la Victoria ikaanza kutanuka: 1987 ikaingiza West Coast Eagles kutoka Perth, 1990 ikabadili jina kuwa ligi ya Australia nzima, 1991 ikaingia Adelaide. Ligi za majimbo ghafla zikawa za pili. Wachezaji bora wakaondoka, watu wakaondoka nao, klabu kongwe zikabaki na wazee na mbwa wao kwenye nyasi.

Hazikufa, hata hivyo, na hapa ndipo nataka usikilize. Leseni za timu mpya za kitaifa zilishikwa na vyama vya soka vya majimbo yenyewe. Kule Magharibi mpaka leo chombo kinachosimamia mpira wa jimbo ndicho mmiliki wa zile timu mbili kubwa za Perth, na fedha zao zinateremka kulisha ligi ya zamani na ya watoto. Yaani ng'ombe alipokwenda malisho ya mbali, kamba ilibaki mkononi mwa wenyewe. Sisi tulipofanya yetu, kamba tuliiacha chini. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha Ligi Kuu, shilingi bilioni 225.6. Ni jambo jema na silibezi. Limeifanya Ligi Kuu yetu iheshimike Afrika. Ila kadiri ghorofa la juu linavyopandishwa bila ngazi, anayeanguka anaanguka vibaya zaidi.

Waliokuwa wanaanguka ndio majirani zako. Lipuli na Njombe Mji zilipanda pamoja 2017, tukashangilia kutoka Mafinga hadi Ludewa. Njombe Mji ilikaa msimu mmoja, 2018 ikashuka, na ikashuka pamoja na Majimaji. Lipuli, Wanapaluhengo, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2019 kule Lindi, ikafungwa na Azam bao moja. Mwaka mmoja baadaye, 2020, ikashuka. Kumbuka pia Ligi Kuu yenyewe ilikuwa inapunguzwa, kutoka timu 20 hadi 18 kisha 16, hivyo waliosukumwa nje walikuwa wengi kuliko kawaida. Mbeya Kwanza ilipanda 2021, ikashuka 2022. Ken Gold ya Chunya ilipanda 2024, ikashuka 2025. Mbeya City yenyewe ilishuka 2023 na kurudi 2025. Timu inapanda kama mtu aliyepewa lifti: anaona mandhari kidogo, anateremshwa porini. Zamani ukishuka ulirudi kwenye kundi lenye Mafinga na Njombe, ukapona. Siku hizi unashukia kwenye safari 15 bila fedha ya televisheni ya kutosha, na deni la mishahara mgongoni. Ndiyo maana wengine hawasimami hapo. Wanapitiliza hadi chini kabisa.

Na huko chini kabisa kuna pengo ambalo halizungumzwi. Ligi ya mkoa imegeuka kuwa chujio. Inachezwa upesi upesi ili apatikane bingwa wa kupelekwa Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, nayo ile inachezwa kwa vituo, timu zinakusanywa mji mmoja, mechi juu ya mechi, wiki chache imekwisha. Bingwa wa Njombe anaweza kupanda daraja bila watu wa Njombe kumwona akicheza mechi hata moja ya maana nyumbani. Mimi hili linanikera kuliko la Championship. Championship angalau ni ligi. Chujio kazi yake ni kutupa. Kila anayetupwa anakaa bila mechi mpaka msimu mwingine, na kijana wa miaka 19 hawezi kusubiri miezi minane acheze tena. Anakwenda kuendesha bodaboda.

Niwe mkweli, maana najua utanikumbusha: makundi nayo yalikuwa na uozo wake. Ligi fupi ya kikundi ni rahisi kupikwa. Mwaka 2016 Kundi C liliisha kwa aibu, timu mbili zinazogombea kupanda zinashinda siku ya mwisho, moja 8-0 na nyingine 7-0, zikitafuta wingi wa mabao. Timu zote nne za mechi zile ziliadhibiwa na aliyepanda ni Mbao ya Mwanza. Baada ya jambo kama hilo, shirikisho likisema linataka ligi moja, ndefu, inayoonekana na kila mtu, huwezi kulilaumu. Na kweli kiwango cha Championship ni kizuri kuliko cha Daraja la Kwanza la zamani. Mchezaji anacheza mechi 30 badala ya 14. Mimi ningeacha Championship ilivyo, nikaligawa daraja lililo chini yake kwa kanda hasa, Nyanda za Juu Kusini peke yake, ligi ndefu. Lakini mimi siyo rais wa TFF, shirikisho la soka nchini.

Turudi kwa wadau wako. Kununua timu na kuihamisha si jambo geni, na kati ya mikoa yote ya nchi hii, sisi wa huku tunapaswa kulijua kuliko wengine. Timu ya Ihefu, Mbogo Maji, ilikuwa ya Mbarali, katikati ya mashamba ya mpunga ya Ubaruku. Mnamo Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates, iliifunga Yanga 2-1 na kuvunja mfululizo wa Yanga wa mechi 49 bila kupoteza. Ndiyo siku kubwa kuliko zote ya mpira wa Mbarali. Msimu uliofuata haujaisha, timu ilikuwa imehamia Singida, na 2024 ikabadili jina ikawa Singida Black Stars. Watu wa Ubaruku walibaki na uwanja na kumbukumbu. Mlango huo ambao wadau wako wanataka kuingilia ndio huo timu ile ilitokea. Kinachonunulika kinauzika, na mwenye fedha zaidi ya Makambako hakosekani nchini.

Kuna la kale pia ambalo wazee wako watalikumbuka. Mbeya ilikuwa na Mecco, timu ya kampuni ya ujenzi ya umma. Kagera walikuwa na RTC, timu ya kampuni ya biashara ya mkoa. Zilikuwa timu nzuri. Mashirika yalipoyumba na kufutwa, timu nazo zikazimika kama taa ya nyumba iliyokatiwa umeme. Tanzania Prisons wamedumu kwa sababu magereza hayafilisiki, basi. Timu inayotegemea mwenye nayo mmoja, awe shirika, mbunge au mchimbaji dhahabu, umri wake ni umri wa hamu ya mwenye nayo.

Kama fedha zimeshakusanywa na watu wana moto, basi zipelekeni kwa jirani. Nendeni chama cha soka cha wilaya na cha mkoa mkaombe kibali, kwa maandishi, maana mashindano bila kibali yanaweza kuwafungia wachezaji wenu. Tafuteni timu nane: mbili za Makambako, mbili za Njombe mjini, moja ya Wanging'ombe, na mkiweza kupata ruhusa ya kuvuka mkoa, mbili za Mafinga na moja ya Igawa au Rujewa. Nyumbani na ugenini, si bonanza la siku tatu. Mechi 14 kwa kila timu, safari ndefu kuliko zote mtu anarudi kulala kwake. Fedha ambayo ingenunua nusu ya leseni ya timu moja inaweza kulipa waamuzi, mpira na mafuta ya timu zote nane kwa misimu kadhaa. Zawadi isiwe kubwa. Zawadi kubwa inaleta mamluki kutoka Dar es Salaam, na mkishaleta mamluki mmerudi pale pale. Wekeni sharti kwamba kila timu iwe na wachezaji wangapi wa hapo hapo, na mlisimamie hata ikiwa aliyevunja ni timu ya mwenyekiti.

Viingilio viwe vidogo, lakini viwepo. Cha bure hakina mwenyewe. Na msipange mechi siku ya gulio mkidhani mtapata watu. Siku ya gulio mtu ana mzigo wa viazi kichwani, hana muda na kona. Jumamosi ni nzuri, ila anzeni saa 9 alasiri kamili. Mechi nyingi za Uingereza za Jumamosi zinaanza saa 11 au saa 12 jioni za kwetu, kutegemea majira yao. Filimbi ya mwisho ikilia kabla ya saa 11, mtu wa Arsenal anapata nafasi ya kumcheka shemeji yake wa Mafinga pale getini na bado anawahi kiti chake kwenye kibanda umiza.